Diklofenaki, Brufen na aspirini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu dawa za maumivu na uvimbe

Nimekaa nyuma ya dirisha la dawa miaka mingi. Ukinambia nitaje dawa ambazo watu huzinunua bila kuuliza chochote, nitaanza na hizi. Mtu anafika, anaweka sarafu, anasema "nipe diklo za mia tano," anaondoka. Maswali huja baadaye, tumbo likishawaka au miguu ikishavimba. Nimeyapanga hapa kwa namna watu wanavyoyauliza.

Dawa hizi ni zipi hasa? Panadol imo?

Ni ibuprofeni (wengi huiita Brufen, hata ikitoka kiwanda kingine), diklofenaki, aspirini, indomethasini, meloksikamu, piroksikamu, naprokseni, asidi ya mefenamiki na ndugu zao. Kitaalamu huitwa dawa za maumivu na uvimbe zisizo za steroidi. Maneno hayo ya mwisho yapo ili zisichanganywe na deksamethasoni na prednisoloni, ambazo nazo hupunguza uvimbe lakini ni steroidi, na zina njia yake na hatari zake.

Panadol ni parasetamoli. Inashusha homa na kutuliza maumivu, lakini uvimbe haiugusi sana, na kwa dozi ya kawaida haichubui tumbo kama hizi. Kwa hiyo haimo. Tofauti hiyo ishike vizuri, maana nusu ya majibu yaliyo hapa chini inaitegemea.

Kidonge nimemeza mdomoni. Kinajuaje kwamba kinachouma ni goti?

Hakijui. Kinaingia kwenye damu na kwenda kila mahali: gotini, kichwani, tumboni, kwenye figo, kwenye moyo. Kwenye goti ndiko unakokisikia kwa sababu ndiko kulikokuwa na moto.

Kinachotokea ni hiki. Ukiteguka kifundo cha mguu, chembe za mwili zilizoumia huachia mafuta fulani kutoka kwenye ngozi zake nyembamba, yanaitwa asidi ya arakidoniki. Kimeng'enya kinachoitwa saiklooksijenesi, kwa kifupi COX, huyachukua mafuta hayo na kuanzisha utengenezaji wa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazopanua mishipa ya damu mahali pale pawe pekundu na pa moto, na kusaidia maji kuvuja mpaka pavimbe. Tena hufanya neva za maumivu kuwa nyepesi mno, hata shuka likigusa unashtuka. Zikifika kwenye ubongo hupandisha joto la mwili, nayo ndiyo homa. Dawa hizi hukiziba kimeng'enya hicho. Prostaglandini zikipungua, moto unashuka.

Watu walikuwa wakizitumia muda mrefu kabla ya kujua hayo. Aspirini ilitengenezwa kwenye maabara ya Bayer, Ujerumani, mwaka 1897, kutokana na kemikali ya jamii ile ile ya magome ya mti uitwao willow ambayo wazee wa Ulaya walichemsha kutibu homa. Namna inavyofanya kazi ilikuja kuelezwa mwaka 1971 na John Vane wa Uingereza, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982 pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Sweden.

Sasa fikiria hili, kwa sababu ndilo ninalotamani kila mteja wangu alielewe. Prostaglandini zile zile zinazokuumiza gotini zina kazi njema kwingine. Tumboni husimamia ute unaolinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali yake lenyewe. Kwenye figo huweka mlango wa damu wazi. Ukiziba kimeng'enya, unakiziba kote. Madhara yote utakayosoma hapa yanatoka kwenye mlango huo mmoja.

Nikila kwanza ndipo nimeze, si tumbo litakuwa salama?

Chakula kinapunguza kichefuchefu na kiungulia. Kidonda hakikizuii, au hukizuia kidogo sana. Sababu ni ile ile: dawa hailidhuru tumbo kwa kulikwaruza tu inapopita. Inarudi kupitia damu na kuzima ulinzi wa ute kutoka ndani. Kwa hiyo kula ni vizuri, endelea, lakini usidhani sahani ya ugali imekupa kinga.

Wanaopata vidonda vya tumbo kirahisi zaidi ni wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, aliyewahi kuwa na kidonda au kutapika damu, anayetumia pia prednisoloni, aspirini ya moyo au warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), mwenye bakteria wa tumboni aitwaye H. pylori, na mnywaji wa pombe. Mtu wa kundi hilo akilazimika kutumia, daktari kwa kawaida humwongezea omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo. Omeprazoli inalinda tumbo na mwanzo wa utumbo. Figo na moyo haivilindi.

Basi nichome sindano. Si haipiti tumboni?

Swali hili naliulizwa kila wiki, na ninaelewa linatoka wapi: sindano inaonekana ni matibabu, kidonge kinaonekana ni cha kujaribu. Lakini umeshaona kwamba dawa hulifikia tumbo kupitia damu. Sindano ya diklofenaki inaweza kutoboa tumbo sawasawa na kidonge. Hata ile ya kuweka njia ya haja kubwa ni hivyo hivyo.

Sindano ina hatari yake ya ziada. Ikichomwa vibaya kwenye kalio inaweza kugonga mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na mtu akaondoka anaburuta mguu. Nimemwona kijana wa bodaboda aliyechomwa uchochoroni na mtu asiyejulikana alisomea wapi. Alikwenda kwa ajili ya mgongo, alirudi na unyayo usionyanyuka. Ndala ilikuwa inamtoka kila hatua tatu, anasimama, anainama, anaivaa tena. Kama unaweza kumeza na hutapiki, meza.

Nina presha na ninatumia dawa kila siku. Diklofenaki moja moja ina shida gani?

Hapa naomba tukae kidogo.

Figo zinachuja damu, na ili zichuje lazima damu iingie kwa nguvu ya kutosha. Mtu mwenye afya njema, aliyekunywa maji, hategemei sana prostaglandini kwa kazi hiyo. Lakini mzee, au mwenye moyo dhaifu, au aliyeharisha siku nzima, figo zake huziomba prostaglandini zipanue mshipa unaoingiza damu. Ukimeza diklofenaki siku hiyo, mshipa unabana. Mkojo unapungua, chumvi na maji vinabaki mwilini, presha inapanda, miguu inavimba.

Ongeza sasa dawa za presha. Enalapril na losartan hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye figo. Furosemide (Lasix) na hydrochlorothiazide hukamua maji. Ukiweka diklofenaki juu ya aina hizo mbili, figo linakuwa na mlango wa kuingilia uliobanwa, wa kutokea uliolegezwa, na maji yenyewe yamepungua. Mchanganyiko huo wa dawa tatu unaogopwa na madaktari wa figo dunia nzima, na humkuta mtu wa kawaida kabisa: mama wa miaka 60 mwenye presha na magoti.

Baba yangu mdogo alikuwa hivyo. Alikuwa na enalapril na Lasix kutoka kliniki, na vidonge vya goti kutoka duka la mtaani, ambavyo hakuwahi kuvitaja kliniki kwa kuwa kwake "dawa" zilikuwa zile za presha. Vya goti vilikuwa vya goti tu. Presha haikushuka, akaongezewa dozi. Ilichukua miezi mpaka nilipofungua droo yake nikakuta karatasi tupu za diklofenaki zimefungwa kwa mpira, nikahesabu kumi na tisa. Akaziacha. Presha ikaanza kusikia dawa, na uvimbe wa miguu ukaisha ndani ya wiki chache. Kreatinini yake, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, haikurudi yote.

Ukitaka ushahidi wa ukali wa diklofenaki kwenye figo, watazame tumbusi wa India, Pakistani na Nepal. Walikuwa mamilioni. Wafugaji walianza kuwapa ng'ombe diklofenaki, tumbusi wakala mizoga, figo zikafa. Watafiti waligundua chanzo na kukitangaza mwaka 2004, wakati huo aina tatu za tumbusi zikiwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2006 nchi hizo zilianza kuipiga marufuku kwa mifugo. Binadamu anaivumilia kuliko tumbusi, ndiyo. Lakini kiungo kinachopigwa ni kile kile.

Kwa mwenye presha, kisukari cha muda mrefu au ugonjwa wa figo, maumivu ya kawaida yaanzie kwa parasetamoli. Na kliniki taja kila kidonge unachomeza, hata cha dukani.

Kuhusu moyo je?

Dawa zote za kundi hili, ukiacha aspirini ya dozi ndogo, zinaweza kuongeza uwezekano wa mshtuko wa moyo na kiharusi, hasa kwa dozi kubwa na matumizi ya muda mrefu. Diklofenaki iko upande wa hatari zaidi. Naprokseni inaonekana kuwa na nafuu. Funzo kubwa lilikuja na Vioxx, dawa ya kundi hili iliyotengenezwa makusudi isisumbue tumbo. Tumbo kweli haikulisumbua sana, lakini iliondolewa sokoni duniani kote Septemba 2004 kwa sababu ya mishtuko ya moyo. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, au mwenye moyo kushindwa kufanya kazi, diklofenaki simpi, hata akinikasirikia.

Naweza kuchanganya mbili ili maumivu yaishe haraka?

Mbili za kundi hili, hapana. Brufen na diklofenaki hugombania kimeng'enya kimoja. Nafuu haiongezeki sana, madhara yanajumlishana. Parasetamoli pamoja na ibuprofeni inaruhusiwa, kwa kuwa njia zake ni tofauti.

Tatizo ni kwamba wengi huchanganya bila kujua. Kuna vidonge vingi vyenye diklofenaki na parasetamoli ndani ya kimoja, vyenye majina ya kupendeza ambayo hayataji hata moja kati ya hizo. Mtu anameza hicho, anaongeza Panadol ya kichwa, anaongeza na "diklo" ya mgongo. Jioni amefika parasetamoli gramu nne, ambao ndio mpaka wa mtu mzima kwa siku, na diklofenaki mara mbili. Geuza pakiti, soma maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa. Humo ndimo dawa yenyewe ilimo.

Mchanganyiko mwingine wa kuangalia:

Anayetumia aspirini ya miligramu 75 kwa ajili ya moyo asimeze ibuprofeni juu yake kiholela. Ibuprofeni hukaa kwenye kiti cha aspirini na kuizuia isifanye kazi ya kuzuia damu kuganda. Ikibidi mara moja moja, ameze kwanza aspirini yake hiyo (ile ya kawaida, isiyo na ganda la kuyeyukia utumboni) na kusubiri angalau nusu saa.

Anayetumia warfarini anaweza kuvuja damu.

Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU zenye tenofovir, na nyingi zinazotumika Afrika Mashariki zinayo, ajue kwamba tenofovir nayo hupita kwenye figo. Dozi kubwa au za siku nyingi za diklofenaki pamoja nayo zimewahi kuangusha figo za watu. Mwambie mhudumu wako wa CTC, yaani kliniki ya VVU. Usiache ARV kwa ajili ya goti. Linaloachwa ni kidonge cha goti.

Kiasi gani, na kwa siku ngapi?

Mtu mzima anayejinunulia mwenyewe: ibuprofeni miligramu 200 hadi 400 kila baada ya saa sita hadi nane, isizidi 1,200 kwa siku. Daktari anaweza kupandisha, wewe usipandishe. Diklofenaki ni miligramu 50 mara mbili au tatu kwa siku, isizidi 150, na ni ya kuandikiwa. Chukua dozi ndogo inayokutosha, kwa siku chache zinazokutosha. Homa ikipita siku tatu au maumivu wiki moja, unachohitaji ni kupimwa. Kidonge kingine hakitakupa jibu.

Kunywa maji ya kutosha. Siku unayoharisha, unayotapika au umefunga na jua limekuchoma shambani, ziache.

Nina homa. Nimeze diklofenaki?

Pima kwanza. Malaria haitibiwi kwa kushusha joto, na ukilishusha asubuhi unaweza kujidanganya mpaka jioni.

Kuna sababu ya pili, hasa kwa watu wa pwani. Dar es Salaam imekuwa na milipuko ya dengue, mwaka 2014 na 2019 kwa mfano, na Mombasa nayo inaifahamu. Dengue huangusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzidhoofisha hizo hizo. Ukiunganisha, mtu anaweza kutoka damu kwenye fizi, puani na tumboni. Aspirini ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa chembe sahani ikishaguswa nayo haiponi mpaka ife, na inaishi siku saba hadi kumi. Homa isiyojulikana, yenye mwili kuvunjika na macho kuuma kwa nyuma: parasetamoli na maji, basi, hadi majibu yatoke.

Na watoto?

Aspirini usimpe mtoto aliye chini ya miaka 16 bila daktari. Akiwa na homa ya virusi inaweza kumletea ugonjwa wa nadra lakini mkali wa ubongo na ini. Ibuprofeni ya maji inafaa kuanzia miezi mitatu, kwa kipimo cha uzito: miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo, mara tatu kwa siku. Usimpe mwenye tetekuwanga wala anayeharisha. Na tumia kijiko au bomba linalokuja na chupa. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani hata viwili.

Nina maumivu makali ya hedhi. Zinafaa?

Zinafaa sana, na ningependa wasichana wengi zaidi waambiwe. Maumivu yale yanaletwa na prostaglandini zinazolikamua tumbo la uzazi, kwa hiyo dawa inapiga shina lenyewe. Siri ni kuanza mapema, dalili ya kwanza tu, na kuendelea kwa saa zake siku mbili au tatu. Ukingoja mpaka unajikunja kitandani, umechelewa. Kama hazisaidii kabisa, muone daktari wa wanawake. Usikubali kuambiwa kwamba ndivyo wanawake tulivyo.

Mimi ni mjamzito. Ninayenyonyesha je?

Kuanzia wiki ya 20 ziepuke. Figo za mtoto ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka, na dawa hizi huweza kuyapunguza. Kuelekea miezi mitatu ya mwisho zinaweza pia kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wake, ambao unatakiwa kubaki wazi mpaka azaliwe. Kabla ya wiki ya 20 nako usitumie bila kuulizia. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia. Aspirini ya dozi ndogo ambayo kliniki humpa mama aliye katika hatari ya kifafa cha mimba ni jambo jingine. Kama umeandikiwa, iendeleze.

Anayenyonyesha anaweza kutumia ibuprofeni. Kinachofika kwenye maziwa ni kidogo sana.

Nina pumu.

Wengi wenye pumu huzitumia bila shida. Wachache, hasa wenye vinyama puani, kidonge kimoja cha aspirini au Brufen kinaweza kuwabana kifua ndani ya saa chache. Kama iliwahi kukutokea, usijaribu tena hata ya jina jingine, na waambie wote wanaokuhudumia.

Jeli ya kuchua inasaidia kweli?

Kwa goti, mkono na misuli iliyoteguka, ndiyo. Jeli ya diklofenaki hufikisha dawa pale pale, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo. Kwa mzee mwenye goti moja ningeanzia hapo kabla ya kidonge. Usiifunike kwa plastiki, usipake penye kidonda, nawa mikono kabla ya kugusa macho. Mgongo na nyonga viko ndani mno, huko haifiki vizuri.

Natumia unga wa mitishamba wa viungo. Huo si hauna kemikali?

Ukikuondolea maumivu ya miaka mitano ndani ya nusu saa, shuku. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimewahi kukuta diklofenaki au deksamethasoni ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba. Mara nyingi mtu wa namna hiyo huja kwangu na uso ulioumuka, presha juu, na kopo lisilo na maandishi. Namheshimu mganga anayejua miti yake. Unga usio na jina, namba ya usajili wala tarehe sina namna ya kukushauri uutumie.

Ni dalili gani nisizozisubirishe?

Choo cheusi kinachonata kama lami. Kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa. Maumivu ya ghafla ya tumbo yasiyokuacha usimame. Mkojo kupungua sana, uso au miguu kuvimba. Kifua kubana, upande mmoja wa mwili kufa ganzi, maneno kukwama. Upele wenye malengelenge au midomo kuvimba. Acha dawa, nenda hospitali, usiku huo huo. Kumbuka kwamba kidonda cha tumbo kilicholetwa na dawa hizi kinaweza kutoboka bila kuuma kabla, kwa sababu kinachokiumba ndicho kinachokituliza.

Nimepewa vidonge kwenye bahasha ya kaki, imeandikwa "maumivu 1x3" tu. Nifanyeje?

Rudi nayo dirishani kabla hujameza hata kimoja. Sema, "Naomba uniandikie jina la dawa na miligramu zake." Ni haki yako, na kwa muuzaji ni sekunde kumi. Halafu taja unachotumia tayari: presha, sukari, ARV, aspirini, mimba kama ipo. Bibi mmoja hapa kwetu huja na bahasha zake zote kwenye mfuko wa rambo, anazimwaga juu ya kaunta na kuniambia, "Mwanangu, zisome zote, ndipo uniuzie." Foleni inanung'unika nyuma yake. Mimi nazisoma, moja moja.